Plâtre ya Siku Kumi na Tisa

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, mjini Butembo, upande wa Kimemi, pale barabara inapoanza kupanda. Ni ubao mmoja juu ya mawe mawili, na Anne-Marie huketi pembeni na birika lake la kahawa na vikombe vya bati. Wanaokaa hapo ni walewale. Mbusa tunamwita Kilo, kwa sababu anapima magunia ya kahawa kwenye depo. Ézéchiel tunamwita Radio, kwani kila habari anayo, ya kweli na ya uongo. Wa tatu ni Melchior, aliyekuwa akimsaidia munganga mzungu kwenye dispensaire, zahanati ya mji, kabla ya vita ya Mulele, waasi wake, Bamulele, walipouteka mji mwaka wa sitini na nne. Huyo tunamwita Docteur, na yeye hapendi. Mwaka ulikuwa wa sitini na sita. Mapajani nilikuwa na kiatu kimoja cha kushoto, cha Kalala, yule Mukasai wa posta ambaye leta, yaani serikali, ilikuwa imemrudisha Butembo mwezi uleule. Aliniomba nikiongezee soli, unene wa vidole viwili, maana mguu wake wa kushoto ulikuwa umebaki mfupi.

Kilo alikichukua kiatu akakigeuza.

Kilo: Vidole mbili! Na huyu mutu alikuwa anatembea muzuri sana. Si alianguka tu ku camion, akishusha mifuko ya barua?

Radio: Ndiyo. Alivunjika hapa, chini ya goti. Na ngozi haikupasuka, mfupa haukutoka inje. Bale ba namna ile banapona mbio.

Kilo: Ni baridi. Mifupa ya Kasai imezoea jua. Ukiuvunja huku kwetu, haushikamane.

Anne-Marie: Kilo, uongo! Bamama banavunjika mikono ku mashamba, baridi ni ileile, na banapona.

Kilo: Juu ni mifupa ya huku, mama.

Tulicheka kidogo. Melchior alikuwa akitazama kahawa yake.

Radio: Mimi nitabaambia. Yule munganga muzungu alimufunga plâtre, ile chokaa ngumu ya kushika mfupa, wakati moteur ya gari inaunguruma. Alikuwa anakimbilia Uganda. Donc alipanga mifupa mbio-mbio, moja juu ya ingine.

Melchior: Hapana. Alipanga muzuri. Mimi nilikuwa namushikia mguu. Alivuta polepole, akapapasa mpaka mfupa ulilala mahali pake, ndiyo akafunga. Akasema plâtre ikae miezi tatu. Kiisha juma mbili ndiyo alienda.

Kilo: Sasa kama alipanga muzuri, ni ile maji ya dawa ya Bamulele, ya kuzuia risasi. Ikimwagikia mfupa haujakomaa, unayeyuka.

Radio: Acha maji! Munajua nini ilikuwa ndani ya plâtre? Kalala ni mutu ya télégraphe. Balimufichiamo appareil ya kutuma habari! Anapiga-piga na kidole hivi, ba Léopoldville banasikia. Ile chuma ndiyo ilikula mfupa.

Melchior aliweka kikombe chini.

Melchior: Radio, ile neno uliisikia wapi?

Radio: Mais kila mutu aliisema, ile mwaka.

Melchior: Na mimi niliisikia, ku soko. Ndiyo ilifanya nikate.

Kilo: Ukate nini?

Melchior: Plâtre.

Anne-Marie aliliacha birika likining'inia mkononi. Kalala mwenyewe, kila aliyemuuliza, alimjibu kwamba plâtre yake ilikatwa na Bamulele. Sisi sote tuliamini hivyo, ila hatukujua ni baada ya siku ngapi.

Kilo: Docteur, unasema nini?

Melchior: Kalala alikuwa kwangu, kule Bulengera, mu chumba ya nyuma, kwa magunia ya maharagi. Balikuwa banatafuta bantu ba leta. Karani ya tribunal balikuwa bamemuua ku barabara, na sisi tulipita tukamuona. Benye miguu balikimbia. Yeye angekimbia namna gani? Ile asubuhi nilikuwa ku soko, nikasikia banasema yule wa télégraphe iko na appareil mu mguu. Nilirudi mbio. Nikakuta Bamulele banaingia nyumba kwa nyumba ku mulima yetu. Nikawaza, bakiona mguu mweupe tu, imeisha. Kalala alikuwa na homa, amefunga macho. Nilikuwa na makasi ya dispensaire. Nikakata.

Radio: Siku ngapi ilikuwa imefika?

Melchior: Kumi na tisa.

Hata mimi fundi wa viatu nilijua kwamba siku kumi na tisa kwa mfupa wa mguu si kitu.

Melchior: Unakuwa umeanza kushikana, lakini ungali mwororo. Ukiukunja unakunjika. Nilizika vipande mu shamba ya ndizi, nikafunga mguu na miti mbili na kamba. Kesho yake bandugu yangu bane balimubeba ku tipoyi, kile kitanda ya kubebea mugonjwa, mpaka kijiji ya Luofu. Siku ya pili, tukishuka ku kijito, mumoja aliteleza. Kalala alilia. Na mimi nilisikia mfupa.

Aliufumba mkono wake, akaufumbua.

Melchior: Luofu haikuwa na munganga. Mguu ulivimba, unyayo ukageukia inje. Nilijaribu kuvuta kama vile munganga alivuta. Nguvu yangu haikufika, na yeye alikuwa analia sana, nikaacha. Ukashikana vile ulikuwa, moja kando ya ingine. Kiisha alienda Bukavu.

Kilo: Sikia, ndugu. Ulimuokoa. Bangeingia na bangemukuta na plâtre, leo tusingekuwa tunaongea juu ya kiatu.

Melchior: Hawakuingia.

Kilo: Namna gani?

Melchior: Balifika ku nyumba ya jirani, balichukua mbuzi, balirudi ku gari. Kwangu hawakufika. Ningengoja robo saa tu.

Wakati huo ndipo tulipomwona mwanamke aliyesimama nyuma yetu na kikapu. Sikujua amesimama tangu lini. Alikuwa Victorine, mke wa Kalala. Walioana Bukavu baada ya vita, na hapa mjini hakujua hata nyumba kumi. Alikuwa amekuja kuuliza kama kiatu kimekwisha.

Victorine: Baba Melchior ni wewe?

Melchior alisimama.

Melchior: Ni mimi, mama.

Victorine: Ile asubuhi, uliogopa juu yake, ao juu yako?

Aliuliza taratibu, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua tu. Kilo alitazama barabara.

Melchior: Mama, sijui. Miaka mbili niko najiuliza.

Kisha akavaa kofia yake.

Melchior: Kalala iko ku nyumba? Tuende. Nitamuambia mimi mwenyewe.

Walishuka pamoja kuelekea Bulengera, ambako Kalala naye alikuwa amepanga sasa, Melchior mbele, mama nyuma na kikapu chake.

Siku iliyofuata Melchior alikuja mapema, kabla ya wengine, akanisimulia. Walimkuta Kalala ameketi mlangoni, mguu ameunyosha juu ya kigoda. Melchior alikataa kiti. Alisema yote akiwa amesimama, kutoka soko mpaka kijito. Kalala alimwacha amalize.

"Nilikuwa macho," Kalala akamwambia. "Homa ilikuwa, lakini nilikuwa macho. Nilisikia makasi toka ku goti mpaka ku kifundo. Nilifunga macho makusudi, juu usiniulize. Ungeniuliza, ningesema nini? Ningesema kata. Kiisha ningekuwa najilaumu mimi mwenyewe."

"Na mbona ulisema ni Bamulele?"

"Balikuwa bananiuliza kila siku. Ningetaja jina yako?"

Victorine aliingia ndani na kikapu chake. Kalala alikunja suruali yake mpaka gotini, akamshika Melchior mkono na kuuweka pale mifupa ilipopandana. Palikuwa na nundu ngumu, kubwa kama yai. Melchior aliipapasa yote, kwa kidole gumba, juu na chini, kama alivyofundishwa.

"Imeshikana nguvu," akasema.

"Ndiyo," Kalala akajibu. "Imeshikana."