Namba ya Ukurasa wa Kwanza

Mheshimiwa Meya Oddgeir Lundevik, Mchungaji Ragna, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wasomaji wa Sauti ya Skarvøra mlioacha kazi zenu mchana huu kuja kuniaga: nawasalimu.

Historia ya gazeti letu mnaijua. Fundi viatu Torleif Hjelle alilianzisha mwaka 1936, baada ya mlima kuporomoka kwenye ghuba ya jirani na wimbi kuwazoa watu. Alipigilia misumari miwili kwenye mlima ulio juu yetu, mmoja kila upande wa ufa wake, na kila Jumatano alipanda na rula kupima ufa umepanuka kiasi gani tangu wiki iliyopita. Je, yupo humu aliyewahi kusoma tangazo la harusi, au hata la kifo, kabla ya ile namba ya ukurasa wa kwanza? Bibi zetu walisalimiana nayo dukani. "Mlima umelala?" "Umelala, milimita moja tu. Haya, nipimie kahawa."

Torleif alipochoka miguu alinikabidhi rula na gazeti, na kwa miaka ishirini na tatu mmenisifu kwa ukweli wangu. Leo naomba mnipunguzie sifa hizo.

Kiangazi cha 1963, wiki ya kufungua hoteli, Mheshimiwa Meya alikuja ofisini kwangu.

"Eldbjørg dada yangu, wiki hii tu. Wageni wakiiona namba hiyo watafunga mizigo."

"Mlima hausomi gazeti, Oddgeir."

"Ndiyo maana nakubembeleza wewe, sio mlima."

Tukacheka. Nikachapa namba ya wiki iliyotangulia: mbili. Mzee Anfinn, uliisoma, ukashuka kupaka lami mashua yako chini ya genge, na Jumamosi mawe yakakuchukua mguu. Namba ya kweli ilikuwa kumi na tisa. Miaka minane unaniletea samaki kila Krismasi, nami nawala nikiogopa utajua. Nisamehe, au usinisamehe, ni haki yako.

Kwa nini nayasema haya mbele ya keki? Kwa sababu asubuhi hii nimepanda tena. Wiki iliyopita zilikuwa milimita tatu. Leo ni mia mbili na kumi. Nimemwambia Meya hapo jikoni, naye akaninong'oneza, "Gazeti si linatoka kesho? Litasema lenyewe. Usituharibie sherehe." Ningeanza na hilo, mngemgeukia, angetabasamu, nanyi mngebaki mmekaa. Ndiyo maana nimewasimulia habari ya mguu kwanza.

Naogopa, ndugu zangu. Naogopa kwamba gazeti la kesho halitapata msomaji.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Mchungaji, piga kengele. Ninyi wengine nyanyukeni, pitieni watoto shuleni, mshikeni Mzee Anfinn, mpande barabara ya kanisani. Msikimbie, lakini msisimame.