RAM ya Leokadia

Kila alasiri, kwenye benchi la mtaa wa Kichina wa Guangyuan Xilu, mbele ya jengo la nguo za jumla, Msabaha wa Mombasa hufungua chupa yake ya kahawa ya tangawizi, na Waswahili wanaosubiri mizigo hukaa kubishana. Jumamosi hiyo ubishi ulimhusu Leokadia, mwanafunzi wa uzamili kutoka Bukoba. Laptop yake ilikuwa inaganda kila alipofungua ramani za mafuriko za utafiti wake, na Jumatatu alitakiwa kuzionyesha mbele ya maprofesa. Alishaambiwa RAM yake, ile kumbukumbu ya ndani ya kompyuta, ni ndogo. Sasa alikuwa na picha za RAM mbili kwenye simu: moja ya kawaida, nyingine ya kasi kubwa, bei mara tatu.

Mugo, mnunuzi wa jinzi ambaye kijiwe kinamwita Kontena, alimshauri achukue ya bei mbaya, kwa vile ina taa, na taa ni dalili ya nguvu. Msabaha akakataa; kwake RAM hupimwa kwa uzito, kama pasi. Kontena akaapa kwamba ukichomeka mbili zenye taa, mashine haihitaji hata intaneti. Leokadia aliwasikiliza huku akihamisha macho kutoka picha moja hadi nyingine.

Loyce, mwanafunzi mgeni wa uhandisi aliyekuwa ametoka kununua vipuri, alisimama kuomba kahawa akayasikia yote.

— Kwani laptop yenyewe inachukua RAM ya aina gani?

Kontena akatazama ndani ya kikombe. Leokadia mwenyewe hakuwahi kuifungua mgongo kuona ndani.

Loyce akatoa bisibisi, akaipokea laptop na kuifungua juu ya magoti yake. Ndani mlikuwa na nafasi mbili, moja tupu. Akaomba kuona zile picha, akatikisa kichwa.

— Hizi zote ndefu, dada, ni za kompyuta za mezani. Zisingeingia. Tafuta moja fupi ya giga nane, kama hii iliyomo. Kasi ya kuzidi hapo mashine yako haiwezi kuitumia, ungelipia bure.

Wakaingia wote duka la jirani, na laoban, yaani mwenye duka, akawatolea moja ya bei rahisi kuliko zile mbili za kwenye picha. Loyce akaichomeka. Leokadia akafungua ramani ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna iliyoganda. Akashusha pumzi ndefu, na hapo ndipo alipokumbuka kuwa tangu asubuhi hajala.