Selestina Nyangi, Aliyetufundisha Ufunguo na Jibu

Ndugu waombolezaji, mimi Magige, mdogo wake marehemu, nimepewa na ukoo kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na mkiniona natabasamu mnisamehe, maana maisha haya yananifurahisha hata leo.

Selestina Nyangi alizaliwa Butiama tarehe 14 Machi 1938, wa tatu kati ya watoto saba, akaanza shule hukohuko mwaka 1947, na baada ya mafunzo ya ualimu akafundisha hesabu Bunda, ambako Uhuru ulimkuta, na ambako tarehe 6 Oktoba 1962 alifunga ndoa na Felisiani Jilala, fundi wa mashine za kuchambua pamba, wakajaliwa watoto watatu, Wegesa, Susana na Ryoba.

Mwaka 1968 serikali ilimpeleka Dar es Salaam kujifunza kuandika programu za kompyuta, mashine iliyojaza chumba kizima, na barua yake ya kwanza, kurasa tisa, haikutaja kitu kingine chochote. Mwaka 1973 alihamishiwa ofisi ya serikali hapa Musoma, akapewa makarani sita awafundishe misingi ya programu, na kwa kuwa hapakuwa na kompyuta, alikusanya viberiti vitupu mia mbili, akaandika namba juu ya kila kimoja na kutia karatasi ndani, akawaeleza kuwa namba ndiyo ufunguo na karatasi ndiyo jibu, kwamba jibu laweza kubadilishwa lakini ufunguo haubadiliki, wala haufungui viberiti viwili. Aliyekisia aliambiwa, "Usiniambie unadhani. Ufunguo upo, au haupo."

Mwaka uliofuata watu walihamishiwa vijiji vya Ujamaa, madaftari ya zamani ya kaya yakiwa yamepangwa kwa majina, ndipo dada akawaagiza makarani waandike kadi upya, namba ya kaya ikiwa ufunguo, na mahali kaya ilipohamia pakiwa jibu.

Tarehe 19 Novemba 1974 aliingia ofisini kwao, mtaa wa Iringo, mama Jenoveva Mbuke, aliyelazwa hospitali miezi miwili, na aliporudi kwao nje ya Bunda hakukuta nyumba hata moja. Alisema, "Nimepona, lakini sijui nirudi wapi." Makarani walitafuta jina la mumewe, Ryoba, wakapata kumi na mmoja, wakaanza kubishana, hadi dada alipowauliza mbona wanatafuta kwa jina. Namba ya kaya ilikuwa kwenye kadi yake ya hospitali, na kabla chai haijapoa walikuwa wamepata kijiji, mtaa na nyumba. Mama Jenoveva alipanda lori la pamba siku ileile, akawakuta watoto wake wanne wazima, ambao walikuwa wameshaambiwa mama yao amefariki. Habari ilipofika ofisini, dada, ambaye hata harusini kwake hakucheza, alicheza kuzunguka meza, makarani wote sita nyuma yake.

Aliugua figo tangu 1981, akafariki hapa Musoma tarehe 2 Juni 1983, akiwa na miaka arobaini na mitano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao wiki ya mwisho alikuwa akiwafundisha kupanga mafaili ya wodi yao, majirani wa Nyasho mliotupikia siku zote hizi, na wafanyakazi wenzake, wanne kati yao leo wakiwa waandishi wa programu.

Dada Nyangi, darasa limeelewa, sasa pumzika kwa amani.