Vema za Chekeche la Chapwa

Kijiwe cha chai cha mama Nesta kiko Chapwa, karibu na mpaka wa Zambia, mkabala na mashine ya unga ya Sadock, na wanaoketi pale wana kazi ya mdomo tu. Masumbuko, mbadilisha fedha wa mpakani, wanamwita Kwacha. Barnaba, fundi cherehani asiyeshona, ni Spika. Asubuhi hiyo Amoni, mwendesha mashine, alishika kikombe asinywe. Alikuwa amekuta chekeche la waya limetoboka, tundu la kuingia kiganja, na waya zilizokatika hazimo mashinani. Kama hazimo mashinani, zimo kwenye unga.

— Si mna karatasi ukutani? Kwacha akauliza. Kila siku chekeche linakaguliwa, mnaweka alama ya vema.

— Vema zipo. Mpaka tarehe thelathini.

— Leo kumi na mbili, we Amoni.

— Sadock alisema akiona kiboksi kitupu, ananifukuza. Nikajaza vyote siku moja. Mtaa mzima ndivyo tunavyofanya.

— Ugonjwa huo ulianzia kwa Jairo, mwenye mashine mwenzake Sadock, Spika akasema. Mnunuzi wa Zambia alimpa karatasi ya ukaguzi, malori yakajaa mlangoni kwake. Wenzake wakaona malori, wakabandika karatasi. Ya nini, hawakuuliza. Haba na haba hujaza kibaba.

— Methali hiyo inaingiaje hapo? Kwacha akauliza.

— Inaingia. Kunywa.

— Hata choo cha stendi kimebandikwa, Nesta akasema. Kimesainiwa kimeoshwa, nawe unatoka umeziba pua.

Kwacha akashusha sauti.

— Nasikia karatasi hizo zinakusanywa Lusaka. Wanatupima nani mwongo, watufungie mpaka.

— Lusaka wapi, Spika akasema. Ukisainia siku ambayo hujaiishi, umeshaiuza. Anayeinunua ni yule wa kuzimu, jina simtaji.

Amoni akahesabu moyoni: siku kumi na nane za mbele, zote zimeshasainiwa.

— Kamwambie Sadock, mwanangu, Nesta akasema.

— Mama, ataitazama karatasi. Karatasi inasema nilikagua.

Mwanamke mwenye kitenge akavuka barabara. Alikuwa Tabita, mpishi wa shule ya bweni huko Iyula, aliyefuata magunia mengine ya unga.

— Shikamoo mama. Wazee, habari zenu. Mwendesha mashine nimpate wapi?

Macho yote yakamwangukia Amoni. Akamwambia, maneno yakitoka moja moja: tundu, waya, unga.

Tabita hakupiga kelele. Alitoa simu, akapiga jikoni kwake.

— Rozi, uji usipakuliwe. Hata kikombe kimoja. Funga stoo.

Akaiziba simu kwa kiganja.

— Huu wa leo nimeuzuia. Lakini tumekula unga wenu wiki tatu. Kaka, chekeche limetoboka tangu lini?

Spika akamtazama Kwacha. Kwacha akatazama ndani ya kikombe. Ng'ambo, mlango wa mashine ulikuwa wazi, karatasi inaonekana ukutani, vema zimejaa mstari hadi mstari, wala hakuna moja inayoonyesha siku lilipotoboka.

— Kaka, nakuuliza. Wapo watoto wanaolalamikia tumbo.