Mtazamaji wa Ukingo wa Kivuli

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kutushika mkono, familia imeniomba mimi, mdogo anayemfuata marehemu, niwasomee maisha ya kaka yetu.

Kaka alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, saa kumi na moja na dakika tano alfajiri, mtoto wa pili kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Baba aliandika saa kumi na moja na robo, lakini saa yetu ya ukutani ilitangulizwa dakika kumi ili asichelewe kazini, na marehemu mwenyewe ndiye aliyekuja kusahihisha.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1961 hadi 1967, kisha sekondari hadi 1971, na tarehe 3 Januari 1974 aliajiriwa kuwa mtunza maabara wa shule hiyohiyo ya sekondari, kazi aliyoifanya miaka arobaini bila kuvunja chupa, isipokuwa mbili, ambazo aliziripoti.

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na shemeji yetu, mshonaji, wakajaliwa watoto watatu, muuguzi, dereva wa lori na kitinda mimba ambaye ni fundi umeme. Mwaka 1984 shule ilitaka kutupa darubini kuukuu, yeye akaiomba, akaisimamisha uani, na shemeji akasema aliolewa akijua huenda siku moja ataletewa mke mwenza, ila hakujua atatoka angani.

Kwa msioijua kazi aliyoifanya na darubini hiyo, huko mbali yako mawe makubwa yanayozunguka jua, hafifu mno kupimwa kwa kutazamwa, lakini mara mojamoja jiwe hupita mbele ya nyota na kuizima kwa sekunde chache, na watazamaji waliopangwa kwenye mstari mrefu, kila mmoja na saa yake, huandika nyota imezimika lini na imewaka lini, ukubwa wa jiwe ukapatikana. Kaka alijiunga nao mwaka huohuo, akapangiwa ukingoni, ambako kivuli cha jiwe huishia, na mtu wa ukingoni akiandika kwamba nyota haikuzimika, naye amepima. Fundi viatu, jirani yetu, alikuwa akimuuliza kila asubuhi baada ya usiku wa kutazama kama imezimika, akajibiwa haikuzimika, hadi mtaa mzima ukamwita Mzee Haikuzimika, naye akaitika.

Tarehe 14 Agosti 2003 aliandika hivyohivyo, na vipimo vya jiwe lile vikatangazwa kwa kutegemea neno lake. Siku arobaini na moja baadaye, tarehe 24 Septemba, alipokuwa akilinganisha mchoro wake na ramani, aligundua kwamba alikuwa ametazama nyota jirani. Hakuna mtu mwingine ambaye angejua. Shemeji alimwambia yaliyopita si ndwele, mimi pia nilimshauri anyamaze, kwa kuwa miaka kumi na tisa ya kazi ingetiwa doa na nafasi yake angeipoteza. Siku ya tatu akamwandikia mratibu wa watazamaji: "Nilitazama nyota siyo. Taarifa yangu ifutwe." Vipimo vilifutwa, nafasi yake akapewa mwingine, akakaa miaka mitatu bila kuitwa, hadi Oktoba 2006 mratibu alipomrudisha ukingoni palepale.

Aliugua figo kuanzia Juni 2021, akalazwa mara nne, na Alhamisi tarehe 3 Februari 2022, saa tisa na dakika ishirini alasiri, akafariki, binti yake muuguzi akiwa amemshika mkono. Nyota haikumzimikia hata mara moja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, walimu aliofanya nao kazi, na majirani mliozima taa za nje kila alipopita kuwaomba. Tunawashukuru watazamaji wenzake, ambao kwa heshima yake wametuomba tusome hapa kwamba aliacha taarifa thelathini na mbili. Daftari lake lina thelathini na mbili, moja imepigwa mstari kwa mkono wake mwenyewe. Shemeji na watoto wameniagiza nisome thelathini na moja.

Pumzika kwa amani, kaka, hesabu tumeiacha ulivyoiandika.