Makofi ya Baba Kwenye Santuri

Benchi letu liko nje ya duka la fundi redio, chini ya dirisha lisilofungwa kwa sababu waya wa spika umepitia hapo. Wenyeji wake wa kudumu, ukiniacha mimi, ni watatu: Fundi mwenyewe, Kinyozi wa mlango wa pili, ambaye huja na taulo begani hata kama hana mteja, na mume wa dada yangu, tunayemwita Matoleo. Jina hilo amelitolea jasho. Albamu moja ya roki aliinunua iliposafishwa sauti, akainunua tena ilipoongezwa nyimbo, na tena ilipowekewa picha kubwa zaidi. Mimi hukaa mwisho wa benchi. Siku moja nilikuwa nimepakata santuri mbili za onyesho moja la muziki, moja kuukuu na moja mpya, na kahawa yangu ilikuwa imeshapoa.

Onyesho lenyewe lilirekodiwa kwenye ukumbi ambako baba yangu alikuwa fundi wa taa. Santuri ilipotoka, baba alikuwa ameshafariki. Lakini upande wa pili, wimbo wa polepole unapokwisha, watu wanapiga makofi, wananyamaza, halafu yanasikika mengine mawili peke yake: pa, na baada ya kitambo, pa. Kwetu kila mtu anajua kuwa ni baba. Hakuweza kupiga pamoja na wenzake, kwa sababu mikono ilikuwa kwenye swichi. Tumeyasikiliza makofi hayo mno. Sindano imerudishwa palepale hadi pamelika, na sasa panachakarika kama mvua juu ya bati. Mama analalamika kwamba baba anazama. Ndiyo maana Matoleo alipopata toleo jipya, lililotokana na kanda zenyewe za ukumbini, familia nzima ilialikwa kwa mama jioni ile ije isikilize.

Tulilijaribu kwanza kwa Fundi. Gitaa lilisikika utadhani limo dukani. Watu wakapiga makofi, wakanyamaza, wimbo uliofuata ukaanza. Makofi ya baba hayakuwapo.

– Wamemfuta, akasema Kinyozi.

– Hawajamfuta. Wamesafisha, akajibu Matoleo, kama aliyetukanwa yeye.

Akatueleza kuwa siku hizi kuna mashine za kuondoa kila kisichotakiwa: kikohozi, kiti kinacholia, mlango. Anayeiendesha mashine hajui kikohozi ni cha nani.

– Kwa hiyo umenunua santuri ili umpokonye shemeji yako baba.

– Wewe nyoa vichwa, haya tuachie sisi.

– Mimi nikinyoa, masikio nayaacha.

Fundi alituomba tunyamaze. Yeye alidhani bendi ilipiga siku mbili, santuri ya zamani ikachukua siku moja na mpya ikachukua nyingine. Matoleo akakataa. Mwimbaji, alisema, anakwama sauti mahali pamoja kwenye zote mbili, na hakuna anayekwama sawasawa siku mbili. Tukaziweka zote, tukasikiliza. Kweli, alikwama palepale.

Hapo Kinyozi akapata nguvu. Akasema makampuni ya muziki huajiri watu wa kupiga makofi, hukaa chumbani wakalipwa kwa jozi, na huenda baba aliajiriwa baadaye. Tulipomkumbusha kuwa baba alikuwa na kazi yake, akasema basi aliifuata kanda hadi kiwandani kuhakikisha imefika, akapigia huko.

– Sasa umemfanya marehemu msafiri, nikamwambia.

Matoleo aliniomba nisikate tamaa. Alikuwa na hakika kuwa litakuja toleo jingine, lisilosafishwa, lenye ukumbi mzima na viti vyake. Nilimwambia mama hana umri wa kungojea matoleo.

Fundi hakucheka. Aliirudisha santuri kuukuu, akaweka sindano kwenye yale makofi, akawa anaitazama sahani inavyozunguka huku kidole chake kikipanda na kushuka.

– Kuna jambo nataka kusema, ila usinikasirikie.

– Sema.

– Santuri ikiwa na mkwaruzo, hulia kila inapomaliza mzunguko. Pa, inazunguka, pa.

Kinyozi alimwambia hana haya. Fundi akasema ni huenda tu, na kwamba santuri nyingine ya wakati ule ndiyo ingetuamulia. Sote tukamgeukia Matoleo. Akakiri kwamba onyesho hili lina matoleo mawili tu, na lile la kwanza hana. Hakuona haja ya kulinunua, kwa kuwa lipo kwa mama mkwe.

Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja aliyefuata feni yake. Alikuwa ametusikiliza muda wote na mkoba kwapani.

– Samahanini, akasema. Aliyesema mara ya kwanza kwamba anayepiga ni marehemu, alikuwa nani?

Wakanitazama mimi. Kwetu mimi ndiye ninayeulizwa shangazi yupi aliolewa lini na kabati lile lilitoka kwa nani. Nilijua aliyeileta santuri nyumbani, nilijua ilipowekwa. Hilo sikulijua. Baba hakuwahi kuisikia. Matoleo alianza kumtaja mama yangu, akaishia njiani. Kinyozi akainamisha birika la kahawa juu ya kikombe chake, yakatoka mashapo matupu.

Nikazichukua santuri zangu nikaenda. Ndugu zangu walikuwa hawajafika. Mama alinisaidia kuondoa kitambaa kwenye gramafoni, na kabla hajauliza lile toleo jipya likoje, mimi nikamwuliza lile swali la mama wa feni.

– Kwani si wewe? akasema.

Nikamwambia sikumbuki.

– Utakumbukaje, na hata meno ulikuwa hujang'oa. Ulikuwa chini ya meza hii. Ikalia pa, pa, ukasema, “Baba amemaliza kazi.”

– Na wewe ulimtambua?

– Makofi ni makofi, mwanangu, nitayatambuaje? Lakini tangu tumzike ulikuwa hujamtaja. Nikasema, basi, ndiye.

Aliketi, akavuta kiti chake karibu na spika.

– Weka ile yetu, kabla wenzako hawajaja na kelele zao.

Nikaishika sindano. Mkono wangu ulikuwa ukienda wenyewe pale palipolika, nikauzuia, nikaurudisha nyuma hadi mwanzo wa wimbo. Miaka yote hiyo hatukuwahi kuusikiliza mzima.