Tundu Moja, Maboksi Matatu

Kijiwe chetu kipo Magomeni, hapa Kilosa, ubavuni mwa kibanda changu cha kushona viatu. Benchi lenyewe ni taruma la reli lililolazwa juu ya matofali, na ukilikalia vibaya suruali yako itakueleza. Wanaokaa ni wale wale. Mudathir ana birika lake la kahawa na sahani ya kashata, na tangu nimfahamu hajawahi kukubali kwamba kahawa yake ni nyepesi. Lupakisyo tunamwita Tisheti: anauza mitumba, ila mwenyewe havai kitu ambacho hakutupiwa bure kutoka kwenye gari la matangazo. Yared ni Profesa. Alikuwa bwana shamba, akastaafu kazi, kufundisha akakataa kustaafu. Mimi naitwa Soli. Wa mwisho ni Mzee Vitalis, kwetu sisi Mzee Signo, maana alikuwa mtu wa signo pale steshini, wa kuzipa treni njia, mpaka walipompunguza enzi za ubinafsishaji. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, na watoto wake watatu wako mbali. Jioni hiyo alikuja mapema, amevaa shati la kanisani siku isiyo ya kanisa, nikajua leo kuna jambo.

Mzee Signo: Jamani, leo nimekuja mnisaidie. Tundu linalegea.

Tisheti: Tundu gani tena, mzee wangu?

Mzee Signo: La tivii, kule nyuma. Yalikuwa mawili, moja likaungua na radi. Hili lililobaki nimechomeka na kuchomoa mpaka linacheza. Fundi kaniambia nichague boksi moja, nilichomeke, nisiliguse tena. Nikiendelea kubadilisha, ndiyo basi.

Mudathir: Si uchague tu, mzee?

Mzee Signo: Nichague mtoto yupi?

Hapo lazima nieleze, maana mgeni hawezi kuelewa. Mtoto wa kwanza, Bonifas, yuko Dar. Yeye ndiye aliyeanza, akamtumia baba yake boksi la Upeo, lile jeusi. Ida wa Mwanza aliposikia, akatuma la Kiota, kubwa kuliko la kaka yake. Petro, dereva wa malori ya Tunduma, hakukubali kupitwa. Akanunua la Jicho, akalishusha Mikumi siku alipokuwa anapita, likaja huku na basi likiwa ndani ya gunia. Yeye mwenyewe aliendelea na safari. Maboksi yote yanaingiza intaneti kwenye tivii, na yote yana kamera, ili mtoto akipiga mzee amwone mzima mzima pale ukutani. Shida ni kwamba hizo kampuni tatu hazisalimiani. Anayepiga kwa Kiota hampati mwenye Upeo, wa Upeo hampati mwenye Jicho, na kila moja inatangaza kwa vipaza sauti kwamba yenyewe ndiyo inaunganisha familia.

Tisheti: Na ratiba yako ile, mzee, imekufa?

Mzee Signo: Haijafa. Asubuhi nampa njia Bonifas. Mchana nachomoa, nampa Petro. Usiku Ida. Njia moja, treni moja, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini usingizi sipati. Nikimpa njia Ida, nasema je kama Petro yuko nje ya steshini anapiga honi, taa ni nyekundu?

Profesa: Na wanapopiga wanasemaje?

Nilimkanyaga Profesa mguu, ila nilichelewa.

Mzee Signo: Tangu nipange ratiba bado hatujakutana. Bahati mbaya tu. Lazima wanapiga saa ambayo si yao.

Tukaitikia wote kwamba ni bahati mbaya. Mudathir akammiminia kikombe kabla hajaomba. Mzee alikishika kwa mikono miwili, akatutazama mmoja mmoja akisubiri. Kijiwe kingine kingenyamaza. Sisi kunyamaza hatujui, na siku hiyo nilishukuru Mungu kwa hilo.

Tisheti: Mzee, mimi nitakwambia kinachotokea. Hayo maboksi umeyaweka wapi?

Mzee Signo: Kabatini. Yale mawili yanayosubiri.

Tisheti: Kabati moja?

Mzee Signo: Nina kabati moja.

Tisheti: Basi ndiyo hivyo! Yanahujumiana. Wenzio hawa si wafanyabiashara, ni wapinzani wa jadi. La Jicho likinusa la Upeo liko karibu, linatoa mawimbi. Simu ya Bonifas inafika mlangoni, inageuzwa.

Mudathir: Boksi halijachomekwa umeme litatoaje mawimbi? Acha kamba zako.

Tisheti: Sasa wewe redio yako ya betri umeichomeka wapi? Mimi nimevaa tisheti ya Upeo hapa, kuna mambo nayajua.

Profesa: Ngojeni, ngojeni. Tatizo si kabati. Tatizo ni soko huria. Zamani redio ilikuwa moja. Aliyeko Kilosa anasikia taarifa ya habari, aliyeko Mwanza anasikia hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Mtu na mtoto wake walikuwa pamoja hata wakiwa mbali.

Tisheti: Na sabuni hakuna, Profesa. Usituuzie nusu ya hadithi.

Profesa: Sabuni hazikuwepo, sikatai. Lakini jiulizeni, kwa nini boksi lenye kamera linauzwa bei ya kuku? Hawauzi boksi! Wanamuuza Mzee Signo.

Mzee Signo: Mimi? Kwa nani?

Profesa: Kwa wenye matangazo. Kuna mtu kakaa ofisini huko kwao, ana maelezo yako yote. Mzee mmoja, Magomeni, Kilosa, anakaa mbele ya tivii asubuhi mpaka usiku.

Mzee Signo: Kweli wanajua kwamba nakaa?

Profesa: Wanajua. Hata ukisinzia wanajua.

Nilidhani mzee atakasirika. Badala yake alijiweka sawa kwenye benchi, akafunga kifungo cha juu cha shati, na uso ukapata nuru kidogo. Nadhani ilimpendeza kusikia kwamba yupo mtu mahali anayeangalia kama amesinzia.

Profesa: Sasa kampuni inayokuuza kwa kukaa inataka usimame? Mtoto akipiga, wewe unaacha kuangalia tangazo la rangi za nyumba. Hasara! Kwa hiyo simu zinashikwa. Zimerundikwa huko, za Bonifas fungu lake, za Ida fungu lake.

Mzee Signo: Zipo nyingi?

Profesa: Mafungu, mzee wangu.

Mudathir aliniangalia. Nikamwonyesha kwa jicho asimharibie.

Ndipo akaja mwanamke mmoja mtu mzima, ana kiroba begani, ndala moja mguuni na nyingine mkononi imekatika mkanda.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba, mama. Karibu.

— Naitwa Letisia. Nasubiri gari la Mamboya, na ndala imenifia njiani. Fundi ni nani hapa?

Nikamwambia ni mimi, nikachukua ndala, akakaa mwisho wa benchi upande wa Mzee Signo. Mudathir akampa kahawa. Alipouliza tunazungumza nini, Tisheti akamweleza yote: watoto watatu, kampuni tatu, tundu moja, simu haziingii. Mama wa watu akasikiliza kwa heshima, akasema pole sana baba. Kupata msikilizaji mpya kulimtia Mudathir wazimu. Alikuwa hajatoa nadharia yake bado, akiona wenzake wanang'ara, akaweka birika chini.

Mudathir: Nyote mmekosea. Simu hazizuiwi, wala hazishikwi. Zinafika.

Mzee Signo: Zinafika wapi?

Mudathir: Zombo.

Tisheti: Zombo wapi, we Mudathir? Zombo kuna nini?

Mudathir: Sikilizeni. Kampuni zinagombania wateja, hazijui barabara zetu. Mtu wa kwao anaona Kilosa kwenye ramani, anaweka alama popote wilayani. Kwa hiyo Ida akipiga, tivii inayolia iko Zombo, kwa mzee mwingine. Mzee mwenyewe yuko peke yake sebuleni. Anaona dada mzuri kajaa ukutani, anaambiwa shikamoo baba.

Profesa: Atasema amekosea.

Mudathir: Atasema? Mzee amekaa wiki nzima hajaamkiwa na mtu. Anaitwa baba, anaulizwa amekula nini, anaulizwa mguu unaendeleaje. Wewe ungesema umekosea? Anaitika marahaba, mwanangu, mguu haujambo. Huyo ndiye anayekula simu zako, Mzee Signo.

Hakuna aliyecheka. Mudathir alikusudia kuchekesha, nilimwona, lakini maneno yalipomtoka yalikuwa mengine. Mzee Signo alikiweka kikombe chini taratibu.

Mzee Signo: Ida ana sauti kama ya mama yake. Huyo mzee angejua tu si wake.

Mudathir: Angejua, mzee. Ila angeitika.

Mzee Signo: Basi na aitike. Mradi mtoto anajua baba yake kapokea.

Profesa: Tuamue sasa. Tunachagua lipi? Mimi nasema Kiota, wana makao makubwa.

Tisheti: Upeo! Wiki iliyopita gari lao limetupa kofia mpaka kwa watoto.

Mudathir: Jicho limetoka mbali, limepita Mikumi kwenye vumbi lote lile. Liheshimiwe.

Wakaanza kubishana, kila mtu na kampuni yake, kana kwamba wamepewa hisa. Mzee akawa anageuza shingo huku na huku, na nilimwona anataka kweli, kwa moyo wote, tumwambie jina moja aende nalo nyumbani. Letisia alikuwa amekunja mikono kwenye kiroba chake. Aliinua mkono kidogo.

— Samahani wazee wangu, mimi mtu wa shamba, mambo haya siyajui. Kwani namba ya simu ya baba hawana?

Makelele yakakatika. Tisheti akaanza kuitazama tisheti yake kifuani, akasoma maandishi yake yote. Mudathir akainama kupuliza mkaa uliokuwa unawaka vizuri. Mimi nilikuwa na sindano ndani ya ndala ya mwanamke wa watu, na nikashindwa kuivuta itoke upande wa pili. Jibu tulikuwa nalo sote. Tulikuwa nalo tangu mwanzo, ndiyo maana tulisema sana.

Mzee Signo: Wanayo. Wote watatu.

Letisia akajua amegusa pabaya. Akasema haya baba, hata kwetu milimani mtandao unasumbua, na Tisheti akadakia kwamba unasumbua sana, sana. Nikamaliza ndala. Gari la Mamboya lilipopiga honi kule barabarani, akasimama haraka, akatuaga.

Mzee Signo: Unakwenda kwa nani huko, mwanangu?

— Kwa baba. Naishi naye.

Mzee Signo: Msalimie sana.

Akaondoka na kiroba chake. Tulibaki wanne na mzee katikati. Mudathir akazungusha birika, akamimina, na kila mmoja akapokea bila kusema asante. Nilitamani Profesa alete nadharia nyingine yoyote, hata ya uongo kuliko zote. Profesa alikuwa anaangalia chini, maana naye ana watoto wawili Arusha.

Mzee Signo akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu yake ndogo ya vitufe. Akaifuta kwa shati la kanisani, akaiweka kwenye kiganja.

Mzee Signo: Soli. Hebu nipigie.

— Nikupigie wewe?

Mzee Signo: Labda ni mbovu. Tutajuaje?

Nilitoa simu yangu. Niliomba isiite, naapa. Niliomba iwe imeingia maji, laini iwe imefungwa, chochote. Nikabonyeza. Ikaita mkononi mwake kwa sauti kubwa, safi, mpaka mwenye duka ng'ambo ya barabara akageuka. Mzee aliiangalia ikiita. Nilijua ataikata, kwa kuwa alishapata alichotaka kujua, na mimi nikaweka kidole tayari kukata kabla yake.

Hakuikata. Alibonyeza kupokea, akaiweka sikioni, akageuka kidogo upande wa reli.

— Haloo?

Goti lake lilikuwa linagusana na langu. Nikaipeleka simu sikioni.

— Haloo, mzee. Mimi Soli.

— Ee, Soli. Habari za huko?

Hakuna aliyecheka, wala aliyetuangalia.

— Nzuri, mzee. Za huko?

— Huku tupo tu.